Uchambuzi wa kisa: shingo zilizopinda, tangi la maji ya kisima na harusi ya Jumamosi

Karakana inayozungumziwa hapa hupamba harusi na hafla za ofisi jijini Nairobi. Ina wafanyakazi wanne na chumba baridi kimoja. Jina lake, la mteja na la shamba lililouza maua yameachwa, pamoja na mtaa ilipo. Idadi ya mashina, vipimo vya maji na saa za matukio vinafuata daftari la kazi la wiki hiyo.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu lawama za mawaridi yaliyopinda shingo zilielekezwa kwa shamba, na karibu siku nzima ikapotea kabla ya mtu yeyote kuyapima maji. Wapambaji wengi hununua mawaridi kwa uangalifu mkubwa, kisha huyatia katika maji yoyote yanayotoka kwenye bomba.

## Usuli

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Februari, katika hema lililosimamishwa kwenye bustani upande wa Karen. Wakati huo Nairobi ni kiangazi: hewa ni kavu, jua ni kali kuanzia saa tano asubuhi, na upepo wa mchana hukausha majani haraka. Ni kipindi pia ambacho mashamba ya Naivasha hushughulikia Siku ya Wapendanao ya tarehe 14. Maua bora huelekea uwanja wa ndege, na anayetafuta mawaridi mazuri mjini hupata machache kwa bei ya juu. Hilo lina uzito katika kisa hiki, maana nafasi ya kununua maua mengine yakiharibika ilikuwa finyu.

Agizo lilikuwa mawaridi 600 ya rangi ya malai na waridi hafifu, urefu wa sentimita 60, vichwa 60 vya haidranjia nyeupe, mafungu ya jipsofila na kaneshoni, na majani ya mkaratusi. Kazi zilikuwa tatu: shada la bibi harusi, meza 20 zenye vyombo vya kioo, na tao la mlangoni lililojengwa kwa sponji ya kijani ya maua.

Wiki hiyo mtaa ulikuwa kwenye mgao wa maji. Bomba la jiji lilikuwa halijatoa maji kwa siku kadhaa, na tangi la karakana lilijazwa na lori la maji. Maji hayo yalitoka kisima kirefu. Kwa kufua na kuosha sakafu hayakuwa na tatizo lolote, na hakuna aliyefikiria kwamba kwa maua ni maji ya aina nyingine kabisa.

Karakana ilikuwa na mchanganyiko wake wa siku zote, uliofanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Kwa kila lita 10 za maji: gramu 3 za asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe inayopatikana katika maduka ya vifaa vya kuoka, gramu 150 za sukari, na mililita 15 za jik isiyo na manukato. Jik ya kawaida ina hipokloriti ya sodiamu ya kati ya asilimia 3.5 na 4, hivyo kipimo hicho hutoa klorini ya takriban miligramu 50 hadi 60 kwa lita. Hakuna kosa katika mchanganyiko huo ukiwa ndani ya maji laini. Asidi hushusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, hadi 4 au chini yake kidogo, na maji yenye asidi hupanda katika mirija ya shina kwa urahisi zaidi. Sukari hulisha ua. Klorini huzuia bakteria wasiile sukari hiyo kwanza.

## Mfuatano wa matukio

Jumatano. Masanduku yalifika saa 11 jioni. Maua yalikuwa yamekatwa Jumanne, yakapoozwa shambani, kisha yakasafirishwa makavu, bila maji, katika gari lisilo na jokofu. Naivasha hadi Nairobi ni takriban kilomita 90. Ndani ya masanduku kipimajoto kilisoma nyuzi 19. Mawaridi yalionekana mazuri, matumba yamefumba, majani yamelegea kidogo tu, jambo la kawaida kwa maua yaliyosafiri makavu.

Wafanyakazi wawili walitoa majani ya chini na miiba kwa kifaa cha kukwangua, wakakata sentimita 2 za shina kwa mkasi wa kupogoa, na kuyaweka katika ndoo 14. Ndoo zilisuuzwa, hazikusuguliwa. Baadaye, katika ukaguzi, ndoo sita zilionekana kuwa na mstari wa utelezi ndani, pale maji ya awali yalipokuwa yamefikia. Mchanganyiko wa kawaida ulitiwa, maji ya sentimita 12 kila ndoo, na saa 2 usiku zote zilikuwa ndani ya chumba baridi, nyuzi 4.

Mawaridi 40 ya shada la bibi harusi yalitengwa. Ndoo zilikuwa zimekwisha, hivyo msaidizi aliyaweka katika chombo kipya cha kioo na kutumia maji ya mtungi wa kunywa uliokuwa karibu, kwa vipimo vilevile vya asidi, sukari na jik. Hilo lilifanyika kwa bahati tu, lakini ndilo lililokuja kutoa ushahidi wa kwanza.

Alhamisi asubuhi. Saa 1, mawaridi 38 kati ya 560 yalikuwa na shingo laini: ukilishika shina katikati na kulitikisa, kichwa kinainama na hakirudi. Haidranjia 20 hivi zilikuwa zimenyauka kama kitambaa kilicholoa. Shamba lilipigiwa simu. Jibu lilikuwa kwamba maua ya mkato uleule yalikuwa kwa mteja mwingine jijini na hayakuwa na tatizo lolote. Karakana haikuliamini jibu hilo, na kwa kweli ni vigumu kumwamini muuzaji katika hali kama hiyo, ingawa safari hii alikuwa akisema kweli.

Uamuzi wa kwanza, saa 3 asubuhi. Mpambaji mkuu alidhani ni bakteria waliotoka shambani. Aliagiza mashina yote yakatwe tena sentimita 1, yarudishwe katika maji yaleyale, na jik iongezwe mara tatu, yaani mililita 45 kwa lita 10. Ndoo saba ziliachwa nje ya chumba baridi, kwenye meza za kazi, ili upangaji wa vyombo uanze.

Alhamisi mchana. Saa 8 shingo laini zilifika 127. Maji ya ndoo zilizokuwa mezani yalikuwa na ukungu na yaliteleza vidoleni. Ncha za mashina katika ndoo nyingine zilikuwa zimegeuka nyeupe, na majani ya chini yamekuwa na kingo za kahawia: dalili za kuunguzwa na klorini. Yale mawaridi 40 ya bibi harusi yalikuwa yamesimama wima, majani yamekakamaa, tumba limeanza kulegea vizuri.

Msaidizi ndiye aliyeuliza: "Dada, haya ya kioo yametoka sanduku lilelile. Mbona hayajapinda?"

Uamuzi wa pili, saa 9 alasiri: kupima. Zilinunuliwa karatasi za kupimia pH na kifaa cha matone cha kupimia ualkali (uwezo wa maji kuimeza asidi), kile kinachotumiwa na wanaofuga samaki wa mapambo. Maji ya tangi yalisoma pH 8.4 na ualkali wa takriban miligramu 300 kwa lita, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalisi. Maji ya mtungi yalikuwa pH 7, na ualkali wake ulikuwa chini ya 40.

Kisha mchanganyiko wa kawaida ulifanywa upya kwa maji ya tangi. Mara baada ya kukorogwa ulisoma 6. Baada ya saa moja ya kukorogwa mara kwa mara ulisoma karibu 7. Ndoo zilizolala na mchanganyiko huo tangu Jumatano zilisoma 7.5.

Uamuzi wa tatu, saa 10 alasiri: kuokoa bila kusubiri jaribio. Mitungi minane ya maji ya lita 20 ilinunuliwa. Ndoo zote zilisuguliwa kwa brashi na sabuni, zikasuuzwa, zikalowekwa kwa dakika 10 katika jik sehemu moja kwa maji sehemu kumi, zikasuuzwa tena. Kusugua kulitangulia kwa sababu klorini hutumika yote juu ya uchafu kabla ya kuwafikia bakteria walio chini yake. Visu na mikasi vilifanyiwa vivyo hivyo.

Mawaridi yaliyopinda yalikatwa sentimita 5 kwa kisu chenye makali, si mkasi, na hata wale ambao urefu wa shina ulikuwa muhimu kwao walilazimika kukubali. Kizuizi cha bakteria na cha hewa huwa katika sentimita chache za mwisho, na kukata nusu sentimita huacha sehemu kubwa ya kizuizi mahali pake. Yalifungwa ishirini-ishirini katika karatasi ya gazeti, vichwa vimenyooshwa na karatasi ikiwa imebana kuanzia chini ya tumba hadi juu, ili shingo ijae maji ikiwa wima. Yakasimamishwa katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 40, kina cha sentimita 18, yenye asidi ya sitriki gramu 3 kwa lita 10 na bila sukari wala jik, kivulini, kwa saa tatu. Baada ya hapo yakaingia chumba baridi usiku mzima, bado yamefungwa.

Mashina ya haidranjia yalikatwa upya, ncha zikachovywa katika unga wa shabu, na vichwa vikazamishwa vyote katika beseni la maji baridi kwa dakika 45. Haidranjia hunywa pia kwa petali zake, jambo ambalo waridi haliwezi kwa kiwango hicho, ndiyo maana kuzamisha huleta tofauti ya haraka.

Ijumaa. Kati ya mawaridi 127, 91 yalinyooka na kubaki yamenyooka baada ya gazeti kuondolewa. Mengine 36 yalitupwa, pamoja na 22 yaliyounguzwa na klorini. Haidranjia 52 kati ya 60 zilikuwa nzima. Mawaridi 80 ya ziada yalinunuliwa kwa wauzaji wa City Market, urefu wa sentimita 40, ambayo yalitosha kwa meza lakini si kwa tao. Sponji ililowekwa katika maji ya mtungi yenye chakula cha maua, ikiachwa izame yenyewe bila kusukumwa.

Jumamosi. Gari liliondoka saa 11 alfajiri. Maua yalitolewa chumba baridi saa moja kabla, mifuko ikifunguliwa juu, ili umande ukauke kwenye petali. Ua baridi likiingia katika hewa ya joto likiwa limefungwa hutoa jasho, na tone la maji likikaa saa kadhaa kwenye petali nyeupe hukaribisha botritisi, ile kuvu ya kijivu inayoanza kama madoa madogo ya kahawia.

Bustanini, jenereta ya hema ilikuwa imewekwa hatua chache kutoka kwenye tao. Ilisogezwa upande unakoelekea upepo. Moshi wa injini una ethilini, gesi inayozeesha maua na ambayo hutolewa pia na matunda mabivu, na kaneshoni na jipsofila ni wepesi sana kudhurika nayo. Kwa sababu hiyohiyo mpishi alikataliwa kuhifadhi ndizi mbivu na maembe katika chumba baridi usiku wa Ijumaa.

## Matokeo

Kufikia saa 4 usiku, mwisho wa hafla, mezani hakukuwa na waridi lililopinda. Kwenye tao mawaridi 11 yalikuwa yameinama. Haidranjia za upande wa magharibi wa tao zilinyauka kufikia saa 9 alasiri, licha ya kunyunyiziwa, na hazikuokolewa. Shada la bibi harusi halikuhitaji kuguswa. Mteja hakulalamika, lakini karakana ilitumia faida ya kazi hiyo kununua maua na maji.

Jaribio dogo lililoanzishwa Alhamisi jioni lilisomwa Ijumaa jioni. Mawaridi 30 ambayo hayakuwa yamepinda yaligawanywa katika ndoo tatu, yote kwa mchanganyiko wa kawaida, nje ya chumba baridi. Katika maji ya tangi na ndoo iliyosuguliwa, manne kati ya kumi yalilegea shingo. Katika maji ya mtungi na ndoo iliyosuguliwa, hakuna. Katika maji ya mtungi na ndoo yenye utelezi wa zamani, moja lililegea, na maji yalikuwa yameanza ukungu.

## Uchambuzi

### Kwa nini shingo hupinda

Shingo ya waridi, sentimita chache chini ya tumba, ndiyo sehemu changa zaidi ya shina na haijakomaa kuwa mti. Inasimama kwa sababu imejaa maji, si kwa sababu ni ngumu. Maji yakipungua kidogo majani bado yatavumilia, ila shingo itainama. Hivyo shingo iliyopinda haisemi kisababishi ni nini. Inasema tu kwamba maji yanayotoka kupitia majani ni mengi kuliko yanayopanda. Kizuizi kinaweza kuwa hewa iliyoingia katika mirija wakati shina likiwa kavu, bakteria na ute wao, au nyuzi zilizosagwa na mkasi butu.

Katika kisa hiki sababu zilifuatana, na kuzitenganisha ni muhimu. Usiku wa Jumatano tatizo lilikuwa kunywa. Mashina yalifika na hewa ndani, yakakatwa kwa mkasi uliosaga ncha, yakawekwa katika maji ya alkali, kisha yakaingizwa kwenye baridi baada ya muda mfupi mno. Kwenye nyuzi 4 bakteria huzaana polepole, kwa hiyo si rahisi kueleza shingo 38 za saa 1 asubuhi kwa bakteria peke yao. Alhamisi mchana hali ilikuwa nyingine: ndoo zilizoachwa mezani zilikuwa na sukari, joto, utelezi wa zamani na klorini isiyofanya kazi. Hapo bakteria walichukua nafasi.

### Asidi iliyomezwa na maji

Wapambaji wengi wakisikia "pH" hufikiri nambari hiyo ndiyo yote. Katika kisa hiki kilichoamua ni ualkali, yaani uwezo wa maji kuimeza asidi bila pH kushuka. Maji mengi ya visima virefu vya Nairobi hutoka katika miamba ya volkano na yana kwa wingi bikaboneti ya sodiamu, chumvi inayoimeza asidi. Asidi ya sitriki ikiingia, hukutana kwanza na bikaboneti. Gramu 0.3 kwa lita haikutosha kuimaliza bikaboneti ya ualkali wa 300. Ilibadilisha sehemu yake kuwa gesi ya kaboni iliyoyeyuka majini, na kwa muda pH ikasoma 6. Gesi hiyo ilipotoka hewani, pH ikapanda tena hadi 7.5. Ndiyo maana kupima mara moja baada ya kukoroga kunadanganya. Koroga, subiri saa moja, pima tena.

Kuyafikisha maji yale kwenye pH 4.5 kungehitaji takriban gramu 1 ya asidi kwa lita, zaidi ya mara tatu ya kipimo cha kawaida. Inawezekana, na kwa dharura ni afadhali kuliko kuacha, lakini sodiamu ya kisima hubaki palepale. Floraidi pia hubaki, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Jabera na gladiolasi huanza kuungua petali kwa kiwango cha chini ya hapo. Kubadilisha maji ni bora kuliko kuyatibu. Maji ya bomba la jiji, ambayo sehemu yake kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na mito ya Aberdare, ni laini, na ndiyo sababu mchanganyiko wa karakana ulikuwa umefanya kazi miaka yote bila mtu kujua kwamba unategemea chanzo hicho.

### Klorini: nyingi zaidi, nguvu kidogo zaidi

Uamuzi wa kuongeza jik mara tatu ndio uliogharimu zaidi, na mantiki yake ilionekana sawa wakati ule: kuna bakteria, basi ongeza dawa. Lakini klorini huua vizuri ikiwa katika umbo la asidi ya hipokloro. Kwenye pH 7.5 karibu nusu tu ya klorini iko katika umbo hilo, na kwenye 8.5 ni takriban sehemu moja ya kumi. Jik yenyewe ni alkali, hivyo kila kijiko kilichoongezwa kilisukuma pH juu zaidi. Klorini iliyobaki ilitumika juu ya utelezi wa ndoo na vipande vya majani. Mashina yaliyokuwa katika ndoo safi, ambako hapakuwa na uchafu wa kuimeza, ndiyo yaliyoungua. Kwa maneno mengine, dozi hiyo ilikuwa ndogo mno palipokuwa na bakteria na kubwa mno mahali ambapo hawakuwapo.

Onyo ambalo halipaswi kurukwa: asidi ya sitriki na jik zisikutane zikiwa nzito. Hutoa gesi ya klorini. Asidi iyeyushwe kwanza katika maji yote ya ndoo, jik iingie mwisho, mahali penye hewa.

### Sukari bila ulinzi

Gramu 15 za sukari kwa lita ni kipimo kizuri katika chombo cha mezani chenye asidi na klorini inayofanya kazi. Katika ndoo ya kunyweshea haikuhitajika. Waridi lililotoka safarini lina kiu, halina njaa, na sukari katika maji ambayo kinga yake imeanguka ni chakula cha bakteria. Maji matupu yangekuwa salama zaidi. Kuondoa sukari katika hatua ya uokoaji lilikuwa jambo sahihi, hata kama wakati huo lilifanywa kwa kukisia.

### Kilichofanya kazi

Kukata sentimita 5, gazeti, vuguvugu na asidi viliyarudisha mawaridi 91 kati ya 127, na ni matokeo mazuri kwa maua yaliyokaa na shingo laini kwa saa nyingi. Yaliyoshindwa, mengi yalikuwa yale ya asubuhi, yaliyoinama kabla ya saa 1. Waridi likishapoteza takriban sehemu ya kumi ya uzito wake ni vigumu kulirudisha, na saa kati ya ugunduzi na uokoaji zilikuwa tisa. Uokoaji uleule ukifanywa saa 1:30 asubuhi ungeacha maua mengi zaidi hai. Kwa maoni yetu hapo ndipo hasara kubwa ilipotokea: muda ulitumika kutafuta wa kulaumiwa, na chombo cha kioo chenye maua mazima kilikuwa juu ya meza ileile.

Jaribio la ndoo tatu ni dogo, mashina kumi kwa kila ndoo, na halithibitishi mengi. Thamani yake ni kwamba lilitenganisha mambo mawili ambayo chombo cha bibi harusi kiliyachanganya: maji tofauti na chombo kisafi. Bila lile, mtu angeweza kusema kwa haki kwamba utelezi wa ndoo ndio uliosababisha yote.

Kusogeza jenereta na kukataa matunda yalikuwa maamuzi mazuri, lakini hatuwezi kuyapa sifa ya matokeo. Kaneshoni zingeweza kupona hata bila hayo kwa saa kumi na mbili za hafla.

### Kilichoshindwa na hakikurekebishwa

Haidranjia kwenye tao lililotazama magharibi, Februari, katika sponji, zilikuwa na nafasi ndogo tangu mwanzo. Haidranjia hupoteza maji kwa kasi kubwa, na shina lake hunywa kwa shida kutoka kwenye sponji. Zilizokuwa katika vyombo vya kioo mezani, kivulini, zilimaliza hafla zikiwa nzima. Suluhisho lilikuwa kuweka kila shina la haidranjia katika kichupa chake cha maji na kukificha nyuma ya mkaratusi, au kutumia ua lingine upande wa jua. Mpambaji aliijua hatari hiyo, lakini baada ya Alhamisi hakukuwa na muda wala mikono.

Kifaa cha kukwangua miiba nacho kinastahili kutajwa. Katika mawaridi yaliyotupwa, mengi yalikuwa na gome lililochanika chini ya usawa wa maji. Kila jeraha la namna hiyo ni mlango wa bakteria na hewa. Miiba itakayozama iondolewe kwa kidole gumba au glavu nene, moja moja, na iliyo juu ya maji iachwe isipokuwa kwenye shada la mkononi.

## Mabadiliko yaliyofuata katika karakana

Ndoo za kunyweshea sasa zina asidi ya sitriki pekee katika maji laini, na maua hukaa humo saa mbili nje ya chumba baridi kabla ya kuingia. Sukari na klorini huingia katika hatua ya pili, maua yakishanyooka, na klorini hutiwa upya kila siku kwa sababu haidumu. Ndoo husuguliwa kila zinapotoka kazini, si zinapohitajika.

Tangi la lita 500 la maji ya mvua na ya bomba limetengwa kwa maua peke yake na halifungwi kwenye bomba la jikoni. Lori la maji likija, sampuli ya kikombe kimoja hupimwa ualkali kabla ya mpira kufunguliwa. Ukizidi 100, maji hayo huenda kwenye tangi la kufulia, na maua hupewa ya mtungi hadi bomba la jiji lirudi. Kipimo huandikwa kwenye daftari karibu na tarehe na namba ya lori, kwa kuwa lori lilelile huweza kuchota kisima tofauti wiki inayofuata.